Namna Nilivyoikata Sauti ya Mama

Mdogo wangu alipochumbiwa na mwalimu mmoja wa Kabambare, hakuniomba kitenge wala sufuria. Aliniomba wimbo. Alikuja kibandani kwangu asubuhi na telefoni mkononi, akasubiri mteja aondoke, kisha akaniwekea telefoni sikioni.

"Yaya, dada yangu, sikiya hii. Ya kwangu nataka ifanane hivi."

Siku hizo mtaa wetu mjini Kasongo, huku Kongo, ulinijua kwa kazi mbili. Nilichaji telefoni za watu kwa pano ya jua iliyokuwa juu ya bati, na niliwatilia nyimbo kwenye kadi zao. Waliojua zaidi ya hapo walikuwa wachache. Nyuma ya kibanda kulikuwa na chumba ambamo zamani tuliweka mpunga, na humo nilikuwa na ordinateri, yaani kompyuta, iliyokwisha kuzeeka, mikro moja ya kunasia sauti, na programu ya kutengenezea muziki. Programu hiyo nilijifunza peke yangu, kwa kubonyeza kila kitu mpaka nione kinafanya nini. Nilikuwa nimekwisha kutengeneza tangazo la muuza sabuni, wimbo wa timu ya mpira ya mtaa, na nyimbo za kwaya ya jirani zetu Wakristo. Nilijihesabu fundi.

Wimbo alioniletea mdogo wangu ulikuwa umepita telefoni nyingi kabla ya kufika kwake. Haukuwa na jina la mwimbaji, wala hatukujua umetoka mji gani. Lakini nilipousikia niliurudia mara ya pili. Mtu alikuwa anaimba, na maneno yake yalieleweka, ila sauti ilitoka kama chuma kimefundishwa kusema. Chini yake besi ilianzia juu kidogo halafu ikashuka, ikashuka, kama mtu anayetua gunia la mpunga polepole ili lisipasuke. Tena katikati ya wimbo sauti ilikwama kwenye neno moja, ikalirudia mwanzo wake haraka haraka, halafu ikaachia neno zima, na ngoma ikaingia. Hapo ndipo mwili ulipotaka kucheza.

"Na nani ataimba?" nikamwuliza.

"Mama."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mama yetu ni mwimbaji wa arusi. Bibi arusi anapotolewa nyumbani, wanawake wa mtaa humwita mama aimbe ule ubeti wa kumtoa, na kila familia ina maneno yake. Ya kwetu aliyarithi kwa mama yake: *Ninakutoa mulangoni, sikutoi rohoni.* Nimeyasikia tangu sijui kutembea. Sikuwahi kufikiri yanaweza kupita ndani ya ordinateri.

Mama alikubali upesi kuliko nilivyotazamia, ila aliweka sharti lake. Alipoingia katika chumba changu, akakuta nimetundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, akaitazama mikro, akasema, "Hiki kichuma njo nikiimbie? Kiko kinaolewa?"

Ikabidi mdogo wangu aje kuketi mbele yake, kitenge kichwani, kama siku yenyewe. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hufanyia kazi barazani, aliambiwa asikanyage cherehani kabisa. Tukasubiri adhana ya alasiri imalizike msikitini. Kisha mama akafumba macho, akaimba. Nilikuwa nimejiandaa kumrudisha mwanzo mara nyingi, maana watu wote huwa nawarudisha. Yeye sikumrudisha. Alipomaliza, mdogo wangu alikuwa anajifuta macho na mimi nilikuwa naogopa kugusa kitu chochote, nisije nikaifuta sauti ile.

Kwa hiyo sauti nilikuwa nayo. Iliyobaki ilikuwa kazi.

Nilianza na ile sauti ya chuma, kwa kuwa nilidhani ndiyo nyepesi. Katika programu yangu kulikuwa na kifaa cha kubadilisha sauti, nikakizungusha kila upande. Mama akatoka kama bata, akatoka kama mtu aliyezibwa pua, akatoka kama tangazo la uwanja wa ndege. Hakutoka kama chuma kinachosema. Siku moja nikiwa nasikiliza tena ule wimbo wa mfano kwa makini, nikasikia kitu kidogo: mate. Kati ya maneno kulikuwa na mlio wa mdomo wenye maji. Nikaelewa kwamba sauti ile haikutengenezwa ndani ya mashine peke yake. Mashine ilitoa mlio, na mdomo wa mtu ukaugeuza kuwa maneno.

Nikachukua spika ndogo ya redio mbovu, nikaifungia kwenye mfuniko wa ndoo iliyokatwa, nikapaka gundi pande zote isivuje, nikaacha tundu moja tu. Kwenye tundu nikachomeka ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao waashi huutia maji kupimia usawa wa ukuta. Ncha ya pili nikaiweka mdomoni. Ordinateri ikapiga noti, noti ikapita ndani ya mpira, ikajaa mdomoni mwangu hadi meno yakawasha, na mimi nikachezesha mdomo bila kutoa sauti: *ni-na-ku-to-a*. Mikro ikashika. Nikarudia kuisikiliza, nikakuta chuma kinasema Kiswahili.

Mama aliingia wakati huo huo, akanikuta nimekaa na mpira mdomoni, mate yanatiririka kidevuni.

"Mutoto wangu, uko mugonjwa? Nani alikuandikia hiyo dawa?"

Nilishindwa kumjibu kwa sababu ya mpira. Mume wangu akamjibu toka barazani kwamba mgonjwa ni ordinateri, mimi namwongezea maji. Mama akaketi. Nikamwekea sauti yake, halafu nikaweka ile ya chuma chini yake, ikimfuata neno kwa neno kama kivuli. Akasikiliza hadi mwisho, akaniambia nifute kidevu, akaomba nimwekee tena.

Besi ilinisumbua kwa namna nyingine. Katika spika za masikioni ilikuwa tamu, inashuka vizuri, inatikisa mpaka kifua. Nikaipeleka kwa kujiamini kwenye telefoni ya mdogo wangu ili asikie. Besi haikuwepo. Ngoma ilikuwepo, mama alikuwepo, lakini chini yao palikuwa patupu kama nyumba isiyo na sakafu. Spika ya telefoni ni ndogo kama kitufe cha shati, na mlio mzito namna ile haiwezi kuubeba. Na mimi nilijua watu wetu watausikia wimbo kwenye nini: kwenye telefoni, iliyotiwa katika kikombe ili isikike zaidi.

Nilikwenda na kurudi katikati ya kibanda changu na duka la kinyozi aliye ng'ambo ya barabara, ambaye ana bafle moja, spika kubwa. Kwa kinyozi besi ilizidi, wembe ukaruka mezani. Kwenye telefoni ilikufa. Dawa niliipata nilipoacha kuongeza uzito na kuanza kuongeza ukwaruzo. Nikaitolea besi nakala ya pili, juu kidogo, nikaikwaruza kama mtu mwenye koo kavu, nikaiweka nyuma ya ile nzito. Telefoni ikashindwa kuubeba uzito, lakini ukwaruzo ikaubeba, na sikio likimsikia mtoto linajua mama yake yuko karibu. Mdogo wangu akasema, "Sasa iko." Kinyozi naye akasema ipo. Nikafurahi siku nzima.

Mama ndiye aliyeiharibu furaha hiyo jioni yake. "Hiyo kitu ya chini," akasema, "iko inaimba arusi ingine." Nikasikiliza vizuri. Kweli, besi ilikuwa inatua mahali ambapo sauti yake haikuwapo. Mama hafuati noti za kinanda. Ana za kwake, kati na kati. Ikabidi besi nzima niishushe kidogo kidogo mpaka ikakaa naye. Sikufikiria kumsogeza mama.

Nilikuwa nimekiacha mwisho kigugumizi, kule kukwama kwa sauti kwenye neno, na ndicho kilichotugombanisha.

Kukikata si vigumu kueleza. Unachukua mwanzo wa neno, kipande kifupi kuliko kupepesa jicho, unakipanga mara nyingi mfululizo. Lakini nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kila kipande kilianza na mlio wa *tap*, kama mtu anayepasua chawa kwa kucha. Nikaikuza picha ya sauti kwenye kioo, nikaona kosa liko wapi. Sauti ni mstari unaopanda na kushuka, na mimi nilikuwa naukata ukiwa juu. Ukikata pale unapopita katikati, kipande kinaungana na kingine bila mshono kuonekana. Nikakata upya, kimoja kimoja. Tena nikagundua kwamba vipande vya urefu mmoja vinachosha; lazima vianze virefu, vifupike, vifupike tena, halafu kimya kidogo, ndipo neno liingie. Kile kimya ndicho kinachomfanya mtu ainue mguu.

Nikachagua neno lenye mlio mzuri: mulangoni. *Mu, mu, mu-mu-mu-mu… mulangoni.* Lilipiga sawa na ngoma kiasi kwamba mume wangu alianza kukanyaga cherehani kwa kulifuata. Nikamwita mama kwa fahari yote.

Mama alisikiliza, akavua kitenge cha begani, akakikunja juu ya magoti.

"Toa hiyo."

"Mama, ni mutindo. Siku hizi wanafanyaka hivyo."

"Mimi siko na kigugumizi. Na hata ningekuwa nacho. Bibi arusi anatoka, halafu mama yake anajikwaa ku mulango? Unajua maana yake? Unataka wakwe waseme nini?"

Nilimweleza kwamba hakuna atakayefikiria hivyo, kwamba ni muziki tu. Akaniambia wimbo wa kumtoa mtoto haukuwa muziki tu hata siku moja, akainuka, akaenda zake. Mdogo wangu alikuwa upande wangu. Mume wangu alisema kigugumizi ni kizuri, ila mama mkwe ni mama mkwe, na akarudi barazani.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimekaa na vipande vile mpaka macho yameuma. Lakini nilipouweka wimbo bila kigugumizi, ukawa wimbo mzuri tu, kama nyingine. Na kila nilipokirudisha pale mulangoni, nilianza kusikia kile alichokisikia mama: mwanamke aliyesimama kizingitini, mguu umenasa.

Nikaenda kwenye mstari wa pili. *Sikutoi rohoni.* Sikuwa nimeujaribu kwa sababu "si" haina uzito, ni upepo mtupu. Nikaikata hata hivyo. Nikavianza vipande kwa urefu, nikavifupisha, nikaacha kimya, nikaachia neno. *Si… si… si, si, si-si-si-si… sikutoi rohoni.* Nikakaa na mikono mapajani. Sauti ile ile ya mama, iliyokatwa kwa kisu kile kile, sasa ilikuwa inasema jambo.

Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa na telefoni. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sikueleza kitu, nilimwekea tu. Aliacha mchi ndani ya kinu. Wimbo ulipokwisha, akasema:

"Hapa sawa. Hapa si kigugumizi. Hapa ni kukataa."

Akashika tena mchi.

Arusi ilipofika, tuliondoka Kasongo kwa pikipiki mbili kwenda Kabambare. Bibi arusi alikuwa ametangulia na wajomba. Mimi nilibeba ordinateri kifuani, imefungwa katika plastiki, nikaizungushia nguo za sherehe, na dereva alicheka kwamba nimembeba mtoto asiyelia. Njia ya Kabambare ni ile ile: matope, madaraja ya magogo ambayo abiria hushuka na kuvuka kwa miguu, na wenye baiskeli wanaosukuma mafuta ya mawese kupanda milima. Tulifika tumechoka, wekundu kwa udongo, lakini ordinateri ikawaka. Mama alinong'ona *alhamdulillahi* kwa ajili ya mashine, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Huko kwa wakwe, muziki wa sherehe ulikuwa mikononi mwa baba mkubwa wa bwana arusi. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia safi, na ndiye mwenye grupu la umeme, jenereta, na mabafle yanayokodiwa kwa arusi zote za Kabambare. Nilimpa kadi yenye wimbo. Mchana, watu wakiwa wamejaa chini ya maturubai, aliuweka.

Nilikuwa nimeutengeneza wimbo ule kwa miezi, lakini sikuwahi kuusikia kwenye mabafle manne kwa pamoja. Besi ilipotua, maji yalitetemeka ndani ya vikombe. Wanawake wa kwetu waliitambua sauti ya mama wakapiga vigelegele. Na ilipofika *si, si, si-si-si-si*, kile kimya kilipoingia, niliona watu wasionijua, watu wa Kabambare ambao hawakuwahi kuusikia, wameinua mguu wote pamoja na kungoja. Neno likaingia. Miguu ikashuka.

Mzee alirudia wimbo mara tatu, kwa kuombwa. Kisha akachukua mikro yake akawatangazia wageni kwamba wimbo huu mpya umetoka Goma.

Mama yangu alisimama.

"Haukutoka Goma. Umetoka kwangu. Ile sauti ni ya mimi, na aliyeutengeneza ni mutoto wangu yule pale."

Watu wakageuka. Mzee akanitazama kwa heshima, bila ubaya wowote.

"Mama mukwe, usikasirike. Kuimba, nakubali uliimba. Lakini hivi vitu vya kukatakata sauti vinafanyikaka mu mastudio makubwa. Labda binti alituma sauti kule, wakamurudishia."

"Baba," nikamwambia, "niruhusu nikuonyeshe. Sema neno."

"Niseme nini?"

"Karibisha wageni tu, namna unavyosemaka kila siku."

Nikamsogezea telefoni yangu mdomoni. Akakohoa, akanyoosha kofia, akasema kwa sauti yake ya mikutano: "Wageni wetu wa Kasongo, karibuni Kabambare."

Chakula kilikuwa kinagawiwa. Nikafungua ordinateri juu ya meza ya mabafle, katikati ya nyaya zake, na yeye akasimama nyuma yangu na sahani ya wali mkononi. Wengine wakaja. Hawakuniuliza kitu, walikuwa wanautazama ule mstari wa sauti ukipanda na kushuka. Nilichukua *Ka*. Nikaikata pale inapopita katikati. Nikapanga vipande, virefu, vifupi, vifupi zaidi. Nikaleta ngoma niliyokuwa nayo tayari, nikashusha besi mpaka ikakaa na sauti ya mzee, ambayo ni nzito na inatua karibu na ya mama. Nilikuwa nimekifanya kitu kile mara nyingi sana peke yangu, katika chumba cha mpunga, na sasa niliona kwamba kinanitii hata mbele za watu.

"Baba, chomeka kable."

Akaweka sahani chini, akachomeka.

*Karibuni… Ka… Ka… Ka, Ka, Ka-Ka-Ka-Ka…* kimya… *Kabambare.*

Kabla ngoma haijarudi mara ya pili, vijana walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani. Mara ya tatu uwanja mzima ulikuwa unaitikia, *Ka-Ka-Ka-Ka*, na kukinyamazia kile kimya, na kulitupa jina la mji wao kwa pamoja. Mzee alivua kofia akajifunika nayo uso. Nilidhani nimemkosea mbele ya wageni wake, nikanyoosha mkono nizime. Akaushika mkono wangu.

"Acha," akasema. Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Acha kwanza, binti. Miye nimesema hivi? Miye?"

Baadaye alichukua tena mikro, akawanyamazisha watu, akasema alikuwa amekosea: wimbo wa arusi umetoka Kasongo, umetengenezwa na dada ya bibi arusi, naye ameshuhudia kwa macho. Akaongeza kwamba kuanzia leo sherehe zake zote zitafunguliwa na sauti yake mwenyewe. Mama alikuwa anakula. Hakuinua kichwa, lakini nilimwona anavyoketi, mgongo umenyooka kama mwenye kiti chake.

Nimewahi kujiuliza ni kitu gani hasa kilichonifurahisha siku ile. Kusifiwa kulikuwa kutamu, sitajifanya. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nililolielewa njiani tunaporudi, pikipiki ikiwa imezimwa kusubiri daraja. Ule wimbo wa mfano, ulioletwa na mdogo wangu, hatukujua ni wa nani. Watu waliuzoea bila jina. Zetu mbili zilikuwa na midomo inayojulikana. Mtu wa Kabambare akizisikia anaweza kusema: yule ni baba mkubwa wa mwalimu, na yule anayekataa ni mama wa Kasongo.

Sasa naandika haya katika chumba kile kile. Mablanketi nimeyabadilisha, na mikro ni mbili. Wiki iliyopita walikuja wanawake wa kanisa kutoka kijiji kimoja cha upande wa Nyangwe, wametembea toka alfajiri, wana wimbo wao wa kuvuna. Mkubwa wao aliizunguka meza yangu, akaitazama ordinateri mbele na nyuma, akaniuliza kama mashine yangu inajua Kizimba, lugha ya kwao.

"Haijui lugha yoyote, mama," nikamwambia. "Inajua munachoipa."

Akawageukia wenzake, akawatafsiria. Wakavua viatu, wakaketi mkekani, wakaanza kutafuta sauti ya kuanzia.